Vidole Vinne vya Malachy

Ijumaa usiku, Kilbrone, mvua haijaamua:
upande wa vizimba inanyesha, upande wa chipsi kukavu.
Sungura wa umeme anajaribiwa relini, analia kama mlango wa ghala.
Tumeegemea chuma, kila mtu na penseli yake,
na upepo unameza nusu ya kila neno.

Hapa ndipo nilipojifunza kusema.
Attracta Noone alinifunza, mjane wa fundi saa,
bila kunitazama, jicho kwa mbwa wanaopitishwa.
Nilimwambia, "Mwekundu anashinda leo, nahisi tumboni."
Akajibu, "Sikujua tumbo lako lina miguu minne.
Umeona nini?"
Sikuwa nimeona kitu.
"Basi umetamani. Kutamani kwako kaa nako.
Hapa lete ulichoona, na siku uliyokiona,
na kama ulikuwa umelewa, liseme na hilo."

Tangu hapo tunasemezana hivi:
Jumanne, kona ya pili, wa bluu alitanuka akagongwa.
Kaongeza kilo nzima kwa wiki mbili.
Mwenye mbwa hakuja, kamtuma mpwawe.
Au: sijui.
Sijui ni neno pia, na Attracta
hulipokea kama sarafu isiyo na kutu.

Dinny Scahill hana sijui.
Mbwa wake "hakosi", na kila wiki mkeka unachanika,
kisha kosa ni la mchanga, la mwezi,
la mwanzisha mbio mwenye shemeji mjini.
Tunampenda Dinny. Tunamgawia chipsi.

Malachy yeye hukaa ng'ambo, kwa wapokea dau,
goti lake limekataa ngazi,
na kutoka kule hututumia namba kwa mkono.
Msumeno ulimla kidole kimoja, enzi za kiwanda cha mbao,
kwa hiyo kiganja cha kulia kikifunguka chote,
vidole vinne hewani,
maana yake tano.
Nne yenyewe huitoa kwa kushoto.
Hatukuwahi kuliandika hili. Nani huandika anachokijua?

Akaja Radek, kijana wa machinjioni,
mshahara bado una joto mfukoni.
Akauona mkono, akahesabu alichoona:
nne.
Sisi tukamwaga zetu kwa tano, koti la chungwa.

Vizimba, puu!
Kwenye kona ya kwanza wa milia akamkumba wa chungwa,
wakaenda wote nje wakibishana,
na mweusi, namba nne, akapita ndani
kama mtu anayechukua mwavuli wake aondoke.

Radek akavuka kwenda kumshukuru Malachy.
Malachy akautazama mkono wake,
akaugeuza, akautazama tena.

Nikaona ni haki yangu kumweleza kijana.
Nikaanza na kidole, na msumeno, na kushoto na kulia,
na sijui ulimi uliteleza wapi, nikajikuta nasema:
mwezi uliopita, alfajiri, nyuma ya uwanja wa kanisa,
nilimwona mweupe wa akina Geraghty akipanda mlima
kana kwamba mlima ndio unaoshuka.
Nikasimamisha baiskeli. Sikumwambia mtu.
Dokezo likigawanywa kwa sita, bei hukonda:
tisa kwa moja asubuhi, mbili kwa moja jioni.
Kimya changu kilinilipa tisa.
Nikageuka kutafuta bega la kupiga,
wote walikuwa wanachana karatasi,
na Attracta aliponiuliza nilisema sijui.
Ile sijui ndiyo ilikuwa na kutu.

Radek hakuelewa hata nusu. Alininunulia chai.
Lakini upepo ulikuwa umetulia,
na hatua mbili nyuma yangu Attracta alikuwa akichonga penseli,
polepole, polepole kuliko penseli inavyohitaji.
Akapuliza vumbi lake. Akafungua kadi kwenye mbio ya saba.
"Haya," akasema, bila kunitazama. "Umeona nini?"